Pierre Toussaint: Msusi Aliyefanya Kazi Ili Awe na cha Kutoa

Hotuba kwa walei wa parokia, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, masista wetu, viongozi wa Halmashauri ya Walei, mama zangu wa umoja wa wanawake Wakatoliki, WAWATA, ndugu zangu wa umoja wa wanaume Wakatoliki, UWAKA, na ninyi vijana Wakatoliki wafanyakazi wa VIWAWA ambao siku ya leo ni yenu hasa, nawasalimu wote kwa upendo.

Niliombwa niseme juu ya kazi na sadaka. Badala ya kuyazungumzia mambo hayo kwa ujumla, nitawaletea mtu mmoja aliyeyaishi, na nitakaa naye muda wote. Jina lake ni Pierre Toussaint. Alizaliwa mtumwa katika nchi tunayoiita leo Haiti. Alifariki New York tarehe 30 Juni 1853, mtu huru, mzee, mjane, na msusi wa nywele anayeheshimika katika jiji lile. Hakuwa padri wala bruda. Hakuanzisha shirika. Leo amelala chini ya altare kuu ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, pale Fifth Avenue, mahali wanapozikwa maaskofu wakuu wa New York, na yeye ndiye mlei wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Wasusi na vinyozi mlioko hapa, mtu huyu ni wa kwenu.

Vitabu vingi vinaandika kwamba alizaliwa mwaka 1766. Wapo watafiti wanaosogeza mbele hadi 1781. Kwa hesabu yoyote, aliishi maisha marefu, na karibu yote aliyaishi akiwa kazini.

Wakati ule Haiti ilikuwa koloni la Ufaransa lililoitwa Saint-Domingue. Lilikuwa koloni tajiri kuliko makoloni yote ya Wafaransa, na utajiri wake ulikuwa sukari na kahawa, na sukari na kahawa hiyo ilitoka migongoni mwa watumwa wapatao laki tano. Toussaint alizaliwa katika shamba la familia ya Bérard, bonde la Artibonite, karibu na mji wa Saint-Marc. Bibi yake, Zenobe, na mama yake, Ursule, walikuwa watumwa wa ndani, hivyo naye alikulia nyumbani, hakupelekwa kwenye miwa. Alibatizwa. Alifundishwa kusoma na kuandika, akaruhusiwa kushika vitabu vya bwana wake. Mama yake wa ubatizo alikuwa Aurore, binti wa nyumba ileile iliyommiliki, na waliandikiana barua hadi uzeeni.

Mtu anaweza kusikia hayo akasema, basi alikuwa na bahati. Mimi sisemi hivyo. Mtoto anayefundishwa vizuri na watu wanaoweza kumuuza bado ni mtoto anayeweza kuuzwa. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa sana. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walianza kazi yao na watu waliokombolewa kutoka soko la watumwa la Zanzibar. Tunaijua habari hiyo kwa karibu.

Machafuko yalipokaribia, Jean Bérard alimchukua mkewe Marie na jamaa zake, pamoja na watumwa wachache, akiwamo Toussaint na dada yake Rosalie, akawapeleka New York. Kwa kawaida mwaka unaotajwa ni 1787. Bwana huyo alimtia Toussaint kwa fundi wa nywele ajifunze ususi, kisha akarudi kisiwani kuangalia mali yake. Hakurejea. Alifia huko. Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue walisimama, mashamba yakaungua, na fedha ambazo familia ilikuwa imeziweka New York nazo zikapotea. Marie Bérard akabaki mjane mgeni katika nchi ya watu, hana shamba wala akiba, na amezoea kuishi kitajiri.

Hapo ndipo kijana mtumwa akawa mlezi wa nyumba.

Ususi wa wakati ule ulikuwa kazi kubwa. Wanawake wa matajiri walifuata mitindo ya Ufaransa, nywele zikipandishwa juu, zikikunjwa kwa chuma cha moto, zikipakwa poda, na msusi mzuri alihitajika asubuhi kabla ya wageni na jioni kabla ya karamu. Saluni kama za leo hazikuwapo. Msusi alikwenda nyumba kwa nyumba na vifaa vyake. Toussaint alikuwa na mikono ya dhahabu. Wateja wake walikuwa wa koo kubwa za mji, wakiwamo watu wa ukoo wa Schuyler. Na tukumbuke kwamba alitembea kwa miguu siku nzima, maana magari ya farasi ya abiria hayakumpakia mtu mweusi.

Fedha aliyoipata, sheria ilisema ni ya bwana wake. Marie alimruhusu kubaki na sehemu. Sehemu hiyo angeweza kuiweka akajinunulia uhuru. Aliitumia kumtunza Marie. Siku moja mama huyo alidaiwa fedha na rafiki, akampa Toussaint vito vyake akaviuze ili deni lilipwe. Siku chache baadaye Toussaint alirudi na vifurushi viwili mkononi. Kimoja kilikuwa na fedha za kulipa deni. Cha pili kilikuwa na vito vyenyewe, vyote, kama alivyovipokea. Fedha zilikuwa zake.

Kuna jambo dogo katika habari hii linalonigusa kuliko hata vito. Toussaint alimwona Marie anazidi kunyong'onyea. Mara kwa mara alimhimiza aalike marafiki jioni. Yeye mwenyewe aliandika na kupeleka mialiko, akanunua matunda na vitafunio kwa fedha yake, akamtengeneza mama huyo nywele na kumpachika ua, kisha jioni akasimama kuwahudumia wageni. Aliona kwamba mtu aliyefilisika hupungukiwa na mkate, na hupungukiwa pia na heshima mbele ya wenzake. Alimpa vyote viwili.

Marie aliolewa tena na mhamiaji mwenzake kutoka kisiwani, naye Toussaint akaendelea kuibeba nyumba hiyo. Mwaka 1807, Marie akiwa kitandani anakufa, alimwandikia hati ya uhuru.

Najua wengine mnajiuliza swali, nami sitalikwepa. Mtu huyu alimtumikia hivyo aliyemmiliki kwa sababu gani? Hakuwa na uchungu? Wapo Wamarekani weusi waliosema waziwazi kwamba mtu wa namna hii hafai kuwekwa mbele ya watu weusi kama mfano, kwamba alikuwa mpole kupita kiasi wakati ambapo watu wake walihitaji wapiganaji. Hoja yao ina uzito, na haifai kufunikwa kwa maneno matamu ya ibada. Toussaint hakupanda jukwaani kupinga utumwa. Alipoulizwa na mama mmoja kama anawaunga mkono waliotaka utumwa ukomeshwe mara moja, alitetemeka, akajibu kwamba watu hao hawajaona damu ikimwagika kama alivyoiona yeye.

Mimi namsoma hivi. Alichukia minyororo, ila aliifungua kwa njia aliyokuwa nayo mkononi, yaani mshahara wa ususi. Alimnunulia dada yake Rosalie uhuru. Alimnunulia uhuru Juliette Noel, aliyekuja kuwa mke wake; walifunga ndoa mwaka 1811. Alisaidia na wengine kujikomboa. Katika jimbo la New York sheria ya mwaka 1799 iliwaachia huru watoto watakaozaliwa baada ya hapo, tena baada ya kutumika miaka mingi, na utumwa wenyewe haukufutwa kabisa hadi tarehe 4 Julai 1827. Kwa miaka yote hiyo, kila dola aliyoitoa kumkomboa mtu ilikuwa saa za kusimama nyuma ya kiti cha tajiri akiwa na chuma cha moto. Anayemwita mwoga na alitazame hilo pia. Na kwa Marie, naona alikuwa na uhuru wa ndani ambao hati haikumpa wala isingeweza kumnyima. Alimhudumia kama Mkristo anavyomhudumia mjane aliyeachwa peke yake.

Pierre na Juliette hawakujaliwa kupata mtoto. Rosalie alipofariki aliacha kichanga, Euphemia, dhaifu kiasi kwamba hakutarajiwa kuishi. Wakamchukua, wakamlea kama wa kwao. Alipoanza kujifunza kuandika, Toussaint alimtaka amwandikie mjomba wake barua kila wiki, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Barua hizo zipo hadi leo katika Maktaba ya Umma ya New York. Euphemia alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1829, ana miaka 14. Wazazi mliowahi kumzika mtoto mnaelewa bila mimi kusema. Kwa muda mrefu Toussaint hakuweza kufarijika. Lakini aliendelea kwenda Misa, akaendelea kwenda kazini, na mlango wa nyumba yake haukufungwa.

Nyumba hiyo ilikuwa na wageni daima. Yeye na Juliette waliwapokea vijana weusi yatima, mmoja baada ya mwingine, wakawalisha, wakawavalisha, wakawasomesha, kisha wakawatafutia ufundi wa kujitegemea. Alijua matajiri wenye kazi, nao walimwamini, hivyo neno lake lilitosha kumpatia kijana nafasi. Watu wa Haiti waliofika bandarini hawana pa kwenda walielekezwa kwake. Aliwakopesha, akawaandikia barua, akawatafutia kazi. Masista wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Elizabeth Ann Seton, walipofungua nyumba ya yatima New York mwaka 1817, Toussaint aligeuka mkusanyaji michango wao. Huku anasuka nywele za mama tajiri, anamweleza habari za yatima, na mama anafungua mkoba. Alisaidia pia shule ya watoto weusi, na Masista Oblate wa Providence wa Baltimore, shirika la watawa weusi lililoanzishwa mwaka 1829.

New York ya wakati ule ilipigwa mara kwa mara na homa ya manjano, na mwaka 1832 kipindupindu kikafika. Wenye uwezo walikimbilia mashambani. Mitaa yenye wagonjwa ilizibwa kwa vizuizi. Toussaint alivuka vizuizi akaingia kuwauguza walioachwa. Safari moja alisikia habari za padri mgeni amelala darini mwa nyumba moja, ana homa kali ya melini, na hakuna anayethubutu kumsogelea. Akamchukua, akampeleka nyumbani kwake, yeye na Juliette wakamuuguza hadi akapona.

Na kuna habari ya Mfaransa mmoja. Alikuwa mzungu aliyekuwa na mali huko nyuma, sasa amefilisika na hana chakula. Kwa miezi Juliette alipika chakula kizuri cha Kifaransa, kikapelekwa kwa mtu huyo bila kutajwa mpelekaji. Siku moja Toussaint alipomtembelea, Mfaransa akajisifu kwamba yeye bado anajulikana, ana marafiki wa maana, kila siku wanamletea chakula kilichopikwa na mpishi bora. Toussaint alimsikiliza akanyamaza. Alieleza baadaye kwamba mtu yule angejua chakula kinatoka kwa nani, huenda asingekila. Ndugu zangu, sisi tunaposaidia tunapenda jina lisomwe baada ya matangazo. Sisemi ni dhambi, maana kusomwa majina kunawatia moyo wengine. Nasema tu kwamba yeye alitoa hata pale ambapo kujulikana kungeharibu sadaka yenyewe.

Wasusi, hili ni lenu kabisa. Mnajua mteja akikaa kitini huanza kueleza mambo yake na ya jirani yake. Wateja wa Toussaint walikuwa watu wakubwa, na kila mmoja alitamani kujua nyumba ya mwenzake kuna nini. Mama mmoja alipombana amwambie habari za watu, alimjibu: “Toussaint anatengeneza nywele, yeye si gazeti.” Ndiyo maana walimfungulia mioyo. Waprotestanti wenye mali walikuja kumwomba ushauri, na mmoja wa wanawake wa ukoo wa Schuyler alizoea kumwita mtakatifu wake Pierre. Umbeya ungemletea bahshishi nzuri. Aliukataa, nao wateja walizidi kumwamini.

Nguvu ya kufanya yote hayo aliipata wapi? Kila asubuhi, saa 12, alikuwa kanisani Mtakatifu Petro, Barclay Street, parokia ya kwanza ya Kikatoliki katika jimbo lile. Huhesabiwa kwamba alifanya hivyo kwa miaka 66. Misa kwanza, kisha nywele. Alikuwa anasoma Maandiko na kuyakariri mbele ya wateja, alisali Rozari, na hakujificha kwamba ni Mkatoliki katika jiji ambalo Wakatoliki walidharauliwa na wakati mwingine kushambuliwa. Yeye alidharauliwa mara mbili, kwa ngozi na kwa imani.

Mara moja alidharauliwa hata ndani ya imani. Mwaka 1842 alikwenda kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick la zamani, lile la Mott Street, kanisa ambalo alikuwa amelichangia kwa fedha yake. Mhudumu wa mlangoni akamzuia kwa sababu ni mweusi. Mmoja wa wadhamini wa kanisa alipojua alimwandikia barua ya kuomba radhi kwa uchungu mkubwa. Toussaint hakuliacha Kanisa. Nikisema hivyo sitaki mtu achukue habari hii kuwanyamazisha wanaoonewa ndani ya parokia zetu. Kosa lilikuwa kosa, na aibu ilikuwa ya mlangoni, haikuwa ya msusi.

Tarehe 16 Desemba 1835 moto mkubwa uliteketeza eneo la biashara la New York, na kampuni nyingi za bima zikaanguka. Sehemu ya akiba ya Toussaint ikaenda na moto huo. Marafiki wakataka kumchangia. Akawakataza, akasema wapo waliopoteza kuliko yeye na wenye shida zaidi.

Umri ulipokwenda, watu walimwambia: mzee, una vya kukutosha, pumzika sasa, kaa ufurahie ulichokusanya. Jibu lake ndilo lililonifanya nimchague leo: “Mimi ninacho cha kunitosha, lakini nikiacha kazi sitakuwa na cha kuwatosha wengine.”

Naomba tukae hapo kidogo. Wengi wetu tunapanga hivi: nifanye kazi, nijenge, nisomeshe, nikishiba, kinachobaki nitatoa. Toussaint alipanga kinyume. Kutoa hakukusubiri masalio, kulikuwa ndiyo sababu ya kuamka na kubeba vifaa vyake akiwa mzee. Maskini wa New York walikuwa ndani ya hesabu yake ya mwezi kama kodi na kuni. Na fedha yake haikuwa ya kurithi. Alikuwa fundi anayeishi kwa kazi ya mikono yake, kama fundi yeyote wa mtaani kwetu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sadaka ya namna ile ni ya wafanyabiashara wa maduka makubwa.

Juliette alitangulia mwaka 1851. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Juni, Toussaint akiwa kitandani alisema, “Mungu yuko pamoja nami.” Aliulizwa kama anataka kitu chochote, akatabasamu, akajibu, “Hakuna, duniani hakuna.” Kanisa la Mtakatifu Petro lilijaa siku ya mazishi, weusi na weupe, matajiri na vijana wake. Padri William Quin alisema kwamba hata kati ya mapadre ni wachache waliomzidi kwa bidii yake kwa Kanisa na kwa utukufu wa Mungu, na kati ya walei hakuna. Alizikwa kando ya Juliette na Euphemia, uwanjani mwa kanisa lilelile la Mott Street. Mwaka 1990, Kardinali John O'Connor alipoliongoza Jimbo Kuu la New York, mabaki yake yalihamishiwa Fifth Avenue, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Bado hajatangazwa Mwenyeheri, hatua iliyo kabla ya kutangazwa Mtakatifu. Tunaweza kumwomba atuombee kwa faragha, na tunaweza kumwombea ili hatua hiyo ifike.

Sasa ombi langu, na Baba Paroko ameshaniruhusu kulisema. Parokia hii ina mafundi wengi: wasusi, vinyozi, washonaji, mafundi seremala, mafundi magari, wapishi. Ina pia vijana waliomaliza shule na wanakaa nyumbani. Toussaint aliwachukua vijana yatima akawatia kwa mafundi, naye mwenyewe aliingia ususi kwa kufundishwa na fundi. Naomba kila mwenye karakana au saluni amchukue kijana mmoja mwaka huu, bila ada, amfundishe hadi aweze kusimama mwenyewe. Wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo wawatambue wanaohitaji zaidi, waanze na yatima. Wasio na ufundi wachangie vifaa, maana kijana anayemaliza kujifunza bila mkasi au cherehani anarudi palepale. VIWAWA wamekubali kusimamia. Karatasi ya majina iko mezani karibu na mlango mkubwa, upande mmoja mafundi, upande mwingine vijana, na katibu atabaki pale hadi wote watakaotaka kuandika wawe wameandika. Jina la kwanza upande wa mafundi ni la mama mmoja wa WAWATA mwenye saluni, ambaye ameomba nisimtaje.

Asanteni kwa kunisikiliza.